Vitambaa Vyekundu Kwenye Miiba

Nyumbani, 4 Februari

Cherehani wangu,

Pokea salamu nyingi kama miiba iliyonichoma leo, na leo ni siku ya kwanza tu. Mimi mzima, isipokuwa pale nilipotoboka. Kuku wako wazima. Jogoo amevimba kichwa tangu uondoke, anadhani yeye ndiye mume wa nyumba hii. Nimemwacha aamini hivyo, maana hata mimi sina hakika.

Nakuandikia barua kwa sababu ile simu aliyoninunulia binti yako imenishinda. Sikio la kushoto lilikufa kiwandani kwa kelele za msumeno, hilo unalijua. La kulia linachagua la kusikia, nalo tabia hiyo limejifunza kwako. Halafu huku bondeni mtandao unapatikana juu ya paa tu. Mzee wa miaka sabini na moja akionekana juu ya bati anapiga kelele "umeamkaje mke wangu," watu watasema basi, akili zimemruka. Kwa hiyo ni kalamu. Mwandiko wangu unaujua, niliacha shule kabla hawajafika kwenye nukta, mkato zitie mwenyewe unapopumua.

Sasa habari yenyewe. Nimetangaza vita na Ngoja-Kwanza, yule wa miiba anayeshika nguo ya kila mpita njia. Ulipoondoka Agosti alikuwa amefunga kipande tu cha njia ya chemchemi, pale... pale unapopajua. Sasa amemeza yote, kutoka mlango wa jikoni hadi benchi. Kapanda miti, kavuka juu, kashuka upande wa pili, na kila ncha inapogusa udongo inaota mizizi na kuanza familia mpya. Nimemkumbuka marehemu jirani aliyeuleta mmea huu uwe ua wa mbuzi wake. Mbuzi wakaisha, jirani akaisha, Ngoja-Kwanza akaoa na kujenga.

Benchi lako silioni tena kutoka dirishani. Miaka thelathini na mbili nimezoea kuliona, hata nisipolitazama.

Kesho naingia na panga. Nataka njia pana, mtu na fimbo yake apite katikati asiguswe hata na jani. Nyonga inasemaje?

Mimi mumeo,
Randa

*

Ghorofa ya nne, 15 Februari

Randa,

Barua imefika, ina tundu katikati. Nimeshindwa kujua kama ni mwiba au ni jinsi unavyokandamiza kalamu kama unachonga mguu wa meza.

Nyonga inaendelea. Hapa hakuna jipya. Binti yako anatoka alfajiri kwenda wodini kuzalisha wake za watu, anarudi amechoka, anauliza, "Mama umekula?" Nasema nimekula. Mkwe wako ni mtu mzuri, anatembea kwa vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe asinisumbue. Wote wananisemesha polepole, kama mtu aliyevunjika kichwa. Dirishani naona mapaa, matangi ya maji, na mwanamke mmoja anayeanika shuka zile zile kila Jumamosi. Pindo lake moja limefumuka. Natamani nimpigie kelele, lakini hapa watu hawapigiani kelele.

Kuhusu huo mmea. Nakufahamu, utakata kwa hasira siku tatu, utaketi, utasema umeshinda. Kukata peke yake ni kuunyoa nywele, utarudi na nyingi zaidi. Kata usawa wa goti, bakiza kisiki uweze kukiona, halafu urudi na sululu ung'oe kichwa cha mzizi kizima. Na kwa kuwa ukishageuka hukumbuki ulipokuwa, funga kitambaa chekundu kwenye kila kisiki. Matambara yako kwenye lile boksi chini ya mashine.

Vaa viatu. Najua hujavaa.

Mkeo,
Cherehani

*

Nyumbani, 2 Machi

Cherehani wangu,

Nimevaa viatu. Tangu jana.

Visiki sitini na kimoja! Nimevihesabu mara mbili, ya pili nikapata sitini na nne, nimekuandikia ile ya chini usiseme natia chumvi. Nakata asubuhi, nang'oa jioni. Vichwa vya mizizi ni vinono, vinafanana na magoti ya shangazi yako. Bwana misitu alipita na baiskeli yake, akasimama akanicheka mpaka kofia ikaanguka, kumbe nilikuwa nimevirundika chini na vilikuwa vinaota upya. Akanifundisha kuvitundika kwenye panda za miti, mizizi juu, vikaukie hewani, kila kimoja na kitambaa chake. Sasa msitu wetu umejaa vichwa vinavyoning'inia, na watoto wa shule wamebadilisha njia. Amani imerudi.

Ngoja-Kwanza amekwangua mikono yangu mpaka mwenye duka la njia panda kaniuliza kama nafuga paka wengi. Nimemwambia mke wangu hayupo, nimegombana na nani basi?

Kitambaa chekundu nimepata cha kutosha, usijali. Matambara ya boksini nilizibia dirisha mvua ya Desemba ilipoingia, lakini nimepata kingine.

Jambo moja la kipuuzi. Cherehani yako naitia mafuta kila wiki, isije ikashika kutu ukanilaumu. Basi ikifika saa kumi naketi pale kwenye kigoda chako napiga pedali. Bila uzi, bila nguo, tra-tra-tra-tra tu. Ni kwa ajili ya kuku. Wakiisikia wanakuja mlangoni wakidhani ni wewe, wanasubiri mahindi. Nawapa. Halafu jogoo ananitazama kwa dharau kama aliyetapeliwa.

Nimefika nusu ya njia. Mti wenye kovu, ule wa katikati ya njia, umeshapumua.

Randa

*

Ghorofa ya nne, 14 Machi

Randa,

Naomba unitumie gauni langu jekundu, lile lenye vifungo kumi na viwili mbele. Liko kwenye sanduku la mbao, limekunjwa juu kabisa. Mpe dereva wa lori la mbao, hupita hapa kila Jumatano.

Usiulize la nini.

Cherehani

*

Nyumbani, 29 Machi

Kwa mke wangu,

Barua yako ilikuwa fupi hata mwenye duka kaniuliza kama ni bili.

Kuhusu gauni. Sanduku liliingia unyevu kidogo, gauni nimelianika, halijakauka vizuri. Tena lilikuwa na tundu pindoni unalokumbuka. Huko mjini nasikia maduka ya nguo yamepangana mtaa mzima, na binti yako ana mshahara. Sioni kwa nini gauni lililochanika lipande lori.

Maana naelewa, usidhani sielewi. Mtu anaanza na gauni moja. Mwezi ujao atataka shali. Halafu sufuria ile ndogo. Ukitaka cherehani nayo uniambie mapema, nimwambie dereva aje na watu wawili wa kubeba, nifagie na hicho chumba. Kuku watazoea.

Njia inaendelea. Sina haraka nayo tena.

Randa

*

Ghorofa ya nne, 20 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi binti yako. Mama hajui kwamba nakuandikia, yuko kwenye ngazi.

Baba, uliandika nini? Alisoma barua yako mara moja, akaikunja mara nne kama utepe wa kupimia, akaiweka chini ya godoro. Siku ya tatu akaniambia, "Kile chumba ulichosema cha kuhamia, nitakichukua." Ningepaswa kufurahi. Ni mimi niliyewaambia tangu mwanzo mhamie huku wote wawili, mnazeeka bondeni peke yenu. Lakini nazalisha watu kila siku, Baba, najua uso wa mtu anayetaka kitu na uso wa mtu aliyekata tamaa nacho.

Nimesema yuko kwenye ngazi. Alinikataza nisikwambie. Tangu Januari, kila siku, anashuka ghorofa nne na fimbo yake na kupanda tena, lifti haifanyi kazi na hata ikifanya haingii. Mwanzoni alitumia saa nzima. Sasa ananisubiri juu akiwa hajahema. Daktari alimwachia tangu wiki ya pili ya Machi. Siku ile ile ndiyo alikuandikia kuhusu gauni. Nilimwambia nitamnunulia jipya la safari. Akasema, "Nilianguka na lile, nitarudi na lile. Nitalishona nikiwa hapa, mbele ya dirisha hili, kisha nilivae nipande lori."

Wewe ukamjibu kuna maduka.

Sijui ninyi wawili mnaficha nini. Sikuwepo siku aliyoanguka. Kila nikimwuliza anasema, "Miiba ilinishika pindo, basi." Na wewe nikikuuliza unanisimulia habari za jogoo.

Mwandikie, Baba. Na usitie mzaha.

Wako mtiifu,
Binti yako

*

Nyumbani, 8 Mei

Cherehani,

Nimeambiwa nisitie mzaha. Nimekaa na karatasi hii siku tano. Bila mzaha mimi kumbe sijui kuandika, mkono unasimama kama msumeno uliokutana na msumari. Basi nitakwambia tu, kama linavyokuja.

Gauni halipo. Nililichana mimi.

Sikulichana kwa bahati mbaya. Februari matambara yalipokosekana nilifungua sanduku la mbao, na kweli sikuwa natafuta kitambaa, nilitaka kunusa tu. Likawa juu kabisa, na lile tundu la pindoni likinitazama. Nikaona siwezi kufunga sanduku nikaliacha linanitazama. Nikachukua mkasi wako mkubwa. Ndiyo, ule wa nguo, ambao hata karatasi hairuhusiwi. Nikalikata vipande vyembamba vyembamba, mia mbili na zaidi, na kila kisiki cha Ngoja-Kwanza nilichokata nikakifunga kipande. Nilikuwa namwambia, wewe ulimshika kwa hili, basi nalo litakuonyesha wapi pa kuchimba.

Sikujua ulikuwa unarudi nalo. Nilidhani mtu anayeomba nguo zake anaondoka. Nikakudanganya kwamba nimelianika. Lilikuwa limeanikwa kweli, lakini msitu mzima.

La pili ndilo kubwa. Binti yetu ameuliza tunaficha nini. Wewe sijui unaficha nini. Mimi naficha hili.

Siku ile ulikuwa nyuma yangu hatua kumi. Nikasikia "eh," nikageuka, nikakuona uko chini, gauni limenyooka nyuma yako limeshikwa na miiba, mguu mmoja juu. Nikacheka. Sikucheka kidogo, Cherehani. Nilijishika tumbo. Nilisema, "Mwulize anataka nini huyo!" Nilisimama pale nikicheka, na wewe umelala na mfupa umevunjika, na sijui ni muda gani ulipita kabla sijaona uso wako. Tangu siku hiyo nimejaribu kuuhesabu huo muda. Wakati mwingine napata pumzi tatu. Wakati mwingine napata asubuhi nzima.

Nimekusubiri uniseme. Hospitalini nilisubiri. Hukusema. Nikajua basi, limeingia ndani kabisa, kule ambako sululu haifiki.

Njia ilibaki hatua thelathini tangu Machi. Niliiacha, nikasema ya nini. Baada ya barua ya binti nimeimaliza kwa siku tisa, mgongo umenitukana kwa lugha zote. Benchi nimelikuta. Mguu mmoja umeoza nimeubadilisha. Ngoja-Kwanza alikuwa amejilaza pale urefu wote, kama mwenye nyumba.

Nimeweka vifungo kwenye bahasha. Niliviokoa kabla ya kukata, hata mwendawazimu anajua fundi hatupiwi vifungo. Kama utabaki huko, vishonee gauni lingine. Nitaelewa. Kama nilivyokwambia, kuku watazoea. Mimi ndiye sitazoea.

Randa

*

Ghorofa ya nne, 19 Mei

Randa,

Vifungo vimefika kumi na kimoja. Nilishona mwenyewe gauni lile, najua vilikuwa vingapi. Kimoja umekibakiza, na najua kiko mfuko gani wa koti, nisikutafutie maneno.

Mkasi wangu uutie mafuta na uurudishe mahali pake. Hilo sijalisamehe na sina mpango.

Sasa nisikilize kwa sikio lako la kulia.

Nilikusikia ukicheka. Ni nyonga iliyovunjika, masikio yalikuwepo. Nilikasirika, ndiyo. Nililala pale nikasema moyoni, nikisimama huyu mzee namtia kofi la benchi. Lakini nikuulize, lini uliwahi kunicheka nikaacha kula? Ulinicheka siku ya kwanza ulipokuja kiwandani kwetu kupima milango, nimeshona mkono wa shati la bosi ukaziba. Ulinicheka nilipokuwa na uchungu wa binti yetu, nikamng'ata mkunga. Ningetaka mtu wa kunihurumia ningeolewa na yule karani aliyeniposa kabla yako.

Nakwambia kilichoniumiza. Ulipoona uso wangu uliacha kucheka, na hukuanza tena. Hospitalini ulikaa ubavuni kwangu wima kama ubao, kofia mapajani. Ukaniita "bibi." Ukasema, "Bibi, unahitaji maji?" Siku kumi na sita ulinipa adabu. Wewe! Nikasema basi, nimekuwa mgeni kwake, nimekuwa mgonjwa wa mtu. Binti aliposema nije huku hukubisha hata kidogo, ulinibebea begi. Nilikaa kwenye gari nikingoja utanie kitu dirishani, hata kuhusu begi. Ukapunga mkono kama chifu.

Ndiyo maana nilipopata barua ya jogoo, Februari, niliisoma kwenye ngazi, na siku hiyo nilishuka ghorofa zote nne bila kushika ukuta.

Kisha ukaniandikia kuhusu maduka, na nikaona barua haina jogoo hata mmoja.

Hapa watu wanatabasamu, Randa. Ni wema, wananipenda. Hakuna anayecheka. Jana mkwe wako alikalia pini zangu, akaruka, akaniomba msamaha. Aliniomba msamaha mimi! Niliingia chumbani, nikatamani uwepo mpaka mbavu zikauma.

Sina gauni jekundu tena. Nimenunua kitambaa cha kijani sokoni chini, nilikwenda mwenyewe kwa miguu na kurudi, na vifungo vinatosha kumi na kimoja ukiacha wazi pale shingoni. Cha kumi na mbili utanipa nikifika, nitakishona nikiwa nimekaa kwenye benchi.

Nakuja na lori la Jumatano ya wiki ijayo. Usije barabarani kunipokea. Usinishike mkono. Kaa kwenye benchi unisubiri. Nataka kuitembea njia yote mwenyewe kutoka mlango wa jikoni, kwa fimbo yangu, nikivitazama vitambaa vyangu kimoja kimoja. Usikifungue hata kimoja.

Nakujua, kuna kisiki utakuwa umekiruka. Hakuna mwaka umemaliza kazi bila kuacha kitu. Basi kikinishika pindo nikaanguka tena, usikae pale na kofia mapajani.

Cheka. Lakini cheka huku unakuja.

Mkeo,
Cherehani